Farasi, Punda na Jamaa Zao katika Nchi ya Chai

Msomaji, ukisimama asubuhi na mapema kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Bomet kwa njia ya Litein, Sotik na Kaplong, utaona mashamba ya chai yametanda vilimani kama zulia la kijani kibichi. Umande haujakauka bado, na ukungu ungali umelala mabondeni. Katika saa hiyo watakupita wanyama wadogo wa rangi ya kijivu, wenye masikio marefu na macho ya upole, wamebeba madebe ya maji, mikebe ya maziwa, kuni au magunia ya mahindi. Nyuma yao huja mwanamke au mtoto mwenye fimbo nyembamba. Hakuna mpita njia anayesimama kuwatazama. Punda ni kitu cha kila siku, na kitu cha kila siku hakitazamwi.

Mimi nakuomba usimame umtazame. Mnyama huyu mnyonge ana ukoo mkubwa. Katika ukoo huo wamo farasi waliobeba wafalme, punda milia wanaopendeza macho ya wageni katika mbuga ya Maasai Mara, na nyumbu waliokokota mizinga ya vita. Historia ya ukoo huu katika nchi yetu ina mafunzo mengi, nayo si historia ya wanyama peke yao. Ni historia ya mzigo: nani aliubeba, kwa nini aliubeba yeye, na ni nani atakayeubeba kesho.

Kwanza yatupasa kujua walikotoka. Kaskazini ya mji wa Kericho, chini ya miinuko ya Tinderet, pana mahali paitwapo Fort Ternan. Katika miaka ya 1960 Dakta Louis Leakey na wenzake walifukua hapo mifupa ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Walipata mifupa ya swala wa kale, ya jamaa za twiga, ya jamaa za tembo, na ya kifaru. Kifaru ni ndugu wa mbali wa farasi, maana wote wawili hutembea kwa vidole visivyogawanyika jozi kama vya ng'ombe. Walakini mifupa ya farasi haikuonekana, na wala haikuwezekana kuonekana. Katika zama zile hapakuwa na farasi wala punda hata mmoja katika Afrika nzima.

Ukoo wa farasi ulianzia Amerika ya Kaskazini, zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, kwa mnyama mdogo asiyemzidi mbweha kwa kimo, mwenye vidole vinne katika miguu ya mbele na vitatu katika miguu ya nyuma. Kizazi baada ya kizazi mwili ulikua, na vidole vya pembeni vikapungua. Wanyama hao walivuka kwenda Asia wakati ule bahari ilipokuwa imepungua na nchi mbili zilipokuwa zimeungana. Kutoka Asia, yapata miaka milioni 10 au 11 iliyopita, farasi wa vidole vitatu waliingia Afrika. Nyayo zao zimekutwa Laetoli, katika nchi ya Tanzania, zimegandamana katika majivu ya volkeno karibu na nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi. Baadaye sana, kabla ya miaka milioni 2 iliyopita, wakafika wale wa kwato moja, ambao ndio babu za punda na punda milia. Huko Amerika walikozaliwa, ukoo wote ulikufa yapata miaka 10,000 iliyopita, hata Wahispania wakarudisha farasi kwa majahazi. Basi ni ajabu ya dunia kwamba aliyezaliwa hakubaki kwao, na mgeni akawa mwenyeji ugenini.

Sasa natujifunze kuwatambua. Waliobaki duniani ni aina saba: farasi, punda, punda-mwitu wawili wa Asia, na punda milia watatu. Usiwatambue kwa rangi, kwa maana rangi hudanganya. Tazama masikio, mkia, singa na miguu. Farasi ana masikio mafupi, singa ndefu zilizolala upande mmoja wa shingo, na mkia wenye nywele ndefu tangu shina lake. Punda ana masikio marefu, singa fupi zilizosimama, na mkia unaofanana na wa ng'ombe, wenye kishungi cha nywele mwishoni tu. Tena tazama upande wa ndani wa miguu. Farasi ana sugu ngumu katika miguu yote minne, lakini punda na punda milia wanazo katika miguu ya mbele peke yake. Punda wetu wengi wana mstari mweusi wa kupita mgongoni, na mwingine unaoukata mabegani, ikawa kama msalaba. Alama hiyo ni urithi wa punda-mwitu wa Afrika. Kwa huzuni, punda-mwitu hao sasa ni wachache mno, nao wamebaki katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia.

Punda milia tulio nao Kenya ni wa namna mbili. Yule wa Maasai Mara, aliye jirani ya watu wa Bomet, ndiye punda milia wa kawaida: milia yake ni mipana, nayo hushuka hata tumboni. Yule wa pili anakaa Samburu, Isiolo na Laikipia. Huyo ni mkubwa zaidi, masikio yake ni mapana ya mviringo, milia yake ni membamba iliyosongamana, na tumbo lake ni jeupe. Anaitwa punda milia wa Grévy, kwa jina la rais wa Ufaransa, Jules Grévy, aliyepelekewa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Wa tatu ni punda milia wa milimani, naye haishi kwetu bali kusini ya Afrika.

Iko jamaa moja inayowatatiza wasomaji wengi, nayo ni nyumbu. Kijana wa Bomet akisikia neno hilo hufikiri mnyama mwenye pembe na ndevu, avukaye Mto Mara kwa maelfu. Kisha akisoma katika Biblia ya Kiswahili kwamba Absalomu alikuwa amepanda nyumbu kichwa chake kiliponaswa mtini, hushangaa jinsi mwana wa mfalme alivyompanda mnyama wa porini. Neno ni moja, wanyama ni wawili. Nyumbu wa mbugani ni wa jamaa ya swala. Nyumbu wa Absalomu, ambaye wengine humwita baghala, ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Huchukua nguvu kwa mama na uvumilivu kwa baba. Lakini hazai. Wataalamu wamehesabu kromosomu, yaani vile viuzi vidogo vibebavyo urithi katika mwili, wakaona farasi ana 64, punda ana 62, na nyumbu ana 63. Hesabu isiyogawanyika mara mbili haiwezi kurithishwa sawasawa. Hivyo kila nyumbu ni mwanzo na mwisho wa kizazi chake.

Farasi nao wana kabila zao, na inafaa uzijue chache zilizofika nchi hii. Farasi wa Kiarabu ana uso uliobonyea kidogo, pua pana, mgongo mfupi, na mkia auinuao juu akikimbia. Farasi wa mashindano wa Kiingereza ni mrefu, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Kabila lake lote limetokana na madume watatu waliochukuliwa kutoka nchi za mashariki kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18. Ndiye anayekimbia katika uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wa Kisomali na wa Kihabeshi ni wafupi, hawana uzuri wa kusifiwa, ila wanastahimili jua, kiu na njia ndefu. Farasi asiyefikia kimo cha sentimita 147 mabegani huhesabiwa kuwa farasi mdogo, hata awe mzee namna gani.

Huko pwani farasi alikuwa mnyama wa fahari. Jina lake lenyewe lilitoka Uarabuni. Katika Unguja ya karne ya 19 wakuu walipanda farasi, na watu wa cheo walipenda punda weupe wakubwa walioletwa kutoka Maskati, waliokuwa na mwendo mzuri wa kupanda. Walakini fahari ile haikupanda bara. Kwa nini? Si kwa sababu watu wa bara hawakuwa na akili ya kufuga. Watu wa Bonde la Ufa na milima yake walikuwa wafugaji hodari tangu kale. Kizuizi kilikuwa vidudu. Mbung'o alieneza ugonjwa uliowaua farasi katika nchi za chini. Na mahali pasipokuwa na mbung'o, palikuwa na maradhi mengine yaitwayo homa ya farasi ya Afrika, yanayoletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma usiku wakati wa mvua. Farasi hulala mzima, akaamka anahema, na povu likimtoka puani akafa. Haikujulikana kwa hakika kwamba usubi ndio wachukuzi wa maradhi hayo mpaka mwaka 1944, jambo hilo lilipothibitishwa huko Afrika ya Kusini. Punda milia huyabeba maradhi hayo bila kuugua, na punda kwa kawaida huugua kidogo tu. Hapo waona, msomaji, thamani ya kuzaliwa mahali: yule mgeni mzuri alikufa, na mwenyeji asiyesifiwa akaishi.

Wazungu walipofika bara, wengi walimtazama punda milia wakasema, kwa nini tusimtumie huyu asiyekufa? Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika Nairobi mji ulipokuwa ungali kambi ya reli, alimfuga mmoja akampanda kwenda kuwaangalia wagonjwa wake, na picha yake ipo mpaka leo. Huko Nanyuki, mlowezi Raymond Hook alizalisha machotara wa punda milia na farasi, wakabeba mizigo ya wapandaji wa Mlima Kenya. Lakini kwa jumla jaribio lile halikufaulu. Punda milia hushtuka upesi, huuma bila kuachia, na ukali wake huzidi kwa kadiri anavyokua. Vazi lake lenyewe ni silaha. Mwaka 2019 wataalamu waliwavika farasi huko Uingereza nguo za milia, wakaona kwamba nzi waumao walisogea lakini wakashindwa kutua. Aliyejikinga hivyo na nzi hakuwa tayari kutawaliwa na mtu.

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika Afrika ya Mashariki. Farasi na nyumbu waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa maelfu kwa mbung'o na maradhi. Lakini vita havikusimama kwa kukosa wanyama. Risasi, unga na hema vilitwikwa vichwani na migongoni mwa watu. Vijana wa Kiafrika waliandikwa katika kikosi cha wachukuzi, na makumi ya maelfu hawakurudi kwao. Waliuawa zaidi na njaa, kuhara na homa kuliko risasi. Jina la mtaa wa Kariokor, Nairobi, ni jina la kikosi kile lililogeuzwa na ndimi zetu. Shika neno hili, msomaji, kwa maana litarudi: mzigo hauna budi kubebwa, na asipokuwako mnyama, hubeba mtu.

Vita vile vilifika Kericho kwa njia nyingine. Baada ya amani, serikali ya kikoloni ilitoa kadiri ya eka 25,000 za ardhi ya Wakipsigis, ikawapa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Hao walitaka kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na shirika lao likafilisika baada ya miaka michache. Tangu mwaka 1925 hivi kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikashika mashamba makubwa na kupanda chai, ambayo ilipendezwa na mvua ya karibu kila alasiri na udongo mwekundu wa miinuko ile. Maofisa wale walitoka katika jeshi lililomhesabu farasi kuwa sehemu ya heshima ya mtu. Lakini tazama ni nani aliyeijenga nchi ya chai. Plau na magari vilikokotwa na maksai. Njia ilitelemka mpaka kituo cha reli cha Lumbwa, ambacho siku hizi huitwa Kipkelion. Na jani lenyewe lilichumwa kwa vidole vya watu, likabebwa katika vikapu migongoni mwa watu. Farasi hakuacha alama katika kazi ile.

Punda je? Wakipsigis humwita sigiriet, na Wamaasai jirani zao wana jina linalofanana na hilo sana. Majina yanapofanana hivyo kati ya watu wa lugha mbalimbali, ni dalili kwamba mnyama amejulikana kwao kwa muda mrefu, wala hakuletwa na reli. Mwaka 2022 wataalamu waliochunguza urithi wa punda wa nchi nyingi walitangaza kwamba punda wote wa dunia wana asili moja, nayo ni Afrika, walikofugwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi wa leo walianza kufugwa baadaye, katika nyika za Urusi ya kusini. Basi punda anayepita Kaplong na shogi mgongoni ni zawadi ya bara letu kwa ulimwengu, na ni mzee kuliko farasi katika utumishi.

Baada ya uhuru wakulima wadogo nao walipanda chai, hasa tangu lilipoundwa shirika la kuwaendeleza mwaka 1964. Maboma yakazungukwa na chai, na ng'ombe wa maziwa wakaongezeka. Kila boma likawa na mizigo: maji kutoka mtoni, maziwa ya kupelekwa kituoni, mbolea, mahindi ya kusaga. Njia za vilimani huteleza wakati wa mvua, na gari hunasa mahali ambapo kwato ndogo hupita. Mzigo ule, ambao zamani ulikuwa wa shingo na mgongo wa mwanamke, ukamhamia punda. Hapana shaka kwamba binti wengi wa Bomet walipata saa ya kusoma kwa sababu punda aliteka maji mahali pao.

Na sasa nakuja kwenye jambo linalonifanya niandike. Katika nchi ya China iko dawa ya kale inayopikwa kwa ngozi ya punda. Punda wa kwao walipopungua, wafanyabiashara walielekeza macho Afrika. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa katika Kenya, mojawapo Mogotio katika Baringo, isiyo mbali na Kericho. Kati ya mwaka 2016 na 2018 walichinjwa zaidi ya punda 300,000. Punda jike huchukua mimba mwaka mzima, naye huzaa mtoto mmoja. Kwa hiyo hakuna zizi linaloweza kushindana na kisu cha namna hiyo. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha punda kadiri ya milioni 1.8 katika Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha kadiri ya milioni 1.2. Bei ilipopanda, wezi waliamka. Watu wa sehemu nyingi walikwenda zizini alfajiri wakakuta kamba imekatwa, na baadaye wakaona mifupa vichakani, ngozi imechukuliwa.

Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mapema mwaka 2020. Mwaka 2021 mahakama kuu ikaitangua marufuku ile. Kisha Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Sheria ni ukuta mwema, ila ukuta hulindwa na wenye nyumba.

Sasa fikiri, msomaji, mambo yanayotokea katika boma lililoibiwa punda. Maji hayapunguzi uzito wake kwa sababu ya huzuni. Maziwa hayasubiri. Mtungi unarudi mgongoni mwa mama, na kama mama amezidiwa, unarudi mgongoni mwa binti, naye anafika shuleni kengele ya pili imekwisha kulia, au hafiki kabisa. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa kikosi cha wachukuzi katika vita, na hivi ndivyo inavyokuwa katika amani: asipokuwako mnyama, hubeba mtu, na mtu huyo aghalabu ni yule asiyeweza kukataa.

Wahenga walisema kwamba asante ya punda ni mateke. Sikatai, punda hupiga teke, tena teke lake huumiza. Lakini tukiweka hesabu ya pande mbili katika mizani, ya mateke aliyotupiga na ya mateke tuliyompiga, naogopa kusema ni upande gani utakaoshuka. Tumempakia kupita kiasi, tumemfunga kwa kamba iliyomla nyama, tumemwacha barabarani usiku atafute chakula chake mwenyewe. Kisha tumelifanya jina lake kuwa tusi.

Basi kesho utakapopita njia ile ya Litein, Sotik na Kaplong, usipite hivi hivi. Tazama masikio, mkia na msalaba ule wa mabegani. Mtambue kuwa ni ndugu wa farasi wa uwanja wa Ngong na wa punda milia wa Mara, mwana wa ukoo ulioacha nyayo zake katika majivu ya Laetoli. Ukimkuta amelemewa, sema na mwenyewe kwa adabu. Ukimkuta na jeraha chini ya tandiko, mwambie mwenyewe alioshe na ampumzishe. Na ukiona wageni wa usiku wakizunguka maboma na lori, usinyamaze, nenda kwa chifu. Farasi alikuja kwetu na sifa akashindwa na usubi. Punda milia alikataa kutumika akaachwa huru. Ni huyu mmoja tu aliyekubali mzigo wetu, na anayemtunza anautunza mgongo wa mama yake mwenyewe.